Mbio za Kiprop Mpaka Ukutani

Kiprop wa Maweni hakuzaliwa kukimbia, ila nani atakuamini hapa pwani ukisema hivyo? Mtu akiitwa Kiprop, watu humtazama miguu kwanza, uso baadaye. Kumbe kwao, kule upande wa Kericho, siku za mashindano ya shule yeye ndiye aliyekuwa akiwashikia wenzake sweta. Alishika sweta mpaka akamaliza darasa la nane, akateremka Malindi na lori la mbao akiwa utingo, na ndani ya lori hilo ndimo alimojifunza sigara. Sasa ana miaka arobaini na saba, ni mtunza stoo wa duka la vifaa vya ujenzi, na sigara alikuwa ameivuta miaka thelathini kama mtu aliyeajiriwa kuivuta.

Kuacha, alishaacha mara nne. Mara ya kwanza siku tisa, ya pili siku tatu, ya tatu hata haifai kutajwa, ya nne wiki mbili kasoro siku moja. Kila aliporudi kuvuta, mkewe Viola alimgombeza mpaka majirani wakajua. Lakini mara ya tano, alipokuja kumwambia kwamba sasa basi, kifua kinapiga mluzi akipanda ngazi ya stoo, Viola hakusema kitu. Aliendelea kukunja nguo. Kunyamaza kule kulimuuma Kiprop kuliko ugomvi wote uliopita, maana alikuelewa: mke amechoka kuamini. Akaapa moyoni kwamba safari hii harudi nyuma.

Shida ikawa mikono. Watu husema kifua ndicho kinachoitaka sigara. Hawajui kitu. Ni mikono. Kiprop akihesabu misumari, alihesabu mara tatu. Alipanga mabati yaliyokwisha kupangwa. Alifagia stoo asubuhi, akafagia saa nne, akafagia saa nane, mpaka tajiri wake akamuuliza kama kuna mgeni anakuja. Alimumunya ukwaju, kisha kokwa zake akazitia mfukoni azichezee. Nyumbani ndiyo usiseme: anakaa, anasimama, anafungua dirisha, analifunga, anatoka nje kutazama mvua ambayo haipo.

"Kaa chini wewe mtu, unanitia kizunguzungu," alisema Viola, na kukaa ndiko hasa alikokuwa hakuwezi.

Saa mbaya kupita zote ilikuwa alfajiri kabla ya chai, saa ya sigara ya kwanza. Ndipo alipotafuta raba za mtumba, akaamua kwamba saa hiyo ataikimbia, kwa maana zote. Saa kumi na moja na nusu akashika barabara ya Sabaki. Hajafika mbali akampita Kabibi, mama wa makamo kutoka Jilore auzaye mahamri na mbaazi kando ya barabara.

"Haya!" Kabibi akapiga kelele, mwiko juu. "Damu imeamka! Tazameni Kiprop!"

Wateja wakapiga makofi. Kiprop akakaza mwendo. Hajawahi kupigiwa makofi maishani mwake, na yalimwingia mpaka kwenye magoti. Lakini makofi hayapumui kwa niaba yako. Baada ya kona kuna nyumba isiyokwisha kujengwa, ina ukuta mmoja tu unaotazama barabara. Pale pumzi zilikatika. Akakaa juu ya matofali nyuma ya ukuta, akakohoa, akasubiri moyo urudi mahali pake, kisha akarudi alikotoka.

"Umefika wapi, baba?" Kabibi akamuuliza.

Mdomo ulimtangulia. "Darajani, mama."

"Daraja la Sabaki? Kwenda na kurudi?"

"Na kurudi."

Kabibi akamwongezea hamri moja kwenye sahani, la bingwa. Basi, kwisha habari yake. Tangu siku hiyo kila alfajiri Kiprop alikimbia mpaka kwenye ukuta, akakaa kadiri ya muda wa kufika darajani, akajimwagia maji ya chupa kifuani yafanane na jasho, akarudi kupokea hamri lake. Mtaa mzima ukajua kwamba Kiprop anakimbia mpaka Sabaki. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na ya Kiprop hata kilomita mbili haikufika.

Lakini msimcheke sana. Wiki kumi zilipita na sigara hakugusa. Pale nyuma ya ukuta alikaa na kokwa zake za ukwaju, akizizungusha mkononi, akitetemeka kwa hamu, na hakugusa. Jambo hilo hakulihesabu kuwa kitu. Alichohesabu ni ule uongo, na ulimwasha kila alipolimega hamri la bingwa.

Hapa lazima nimtaje Nzai. Nzai ni fundi mwashi, kwao Sabaki, na kwa miaka minane yeye na Kiprop walivuta pamoja nyuma ya stoo, Nzai akija kuchukua simiti. Walikuwa na kanuni yao: sigara ni moja, mmoja anawasha na kuvuta nusu, mwenzake anaimaliza. Aliyewasha hamalizi. Kiprop alipoacha, Nzai alibaki akivuta nusu na kutupa nusu, mkono bado ukimtafuta mtu wa kumpa. Kisha akapata kazi Casuarina, akawa analala huko huko kwenye ujenzi, na Kiprop hakumwona tena.

Alhamisi moja Kabibi alikuwa akimpakulia mbaazi.

"Umesikia? Nzai fundi ameacha sigara. Leo siku ya kumi na mbili. Alipita jana jioni, nikamuuliza, nani kakuombea? Akasema, ni Kiprop. Akasema, kama Kiprop aweza, nami naweza."

Kiprop akalirudisha hamri sahanini. Usiku kucha alijigeuza kitandani mpaka Viola akahamia na mto wake upande wa miguuni. Kiprop alimwona Nzai, fundi mzima, anajenga juu ya msingi usiokuwapo. Akaamua: kesho nafika darajani kweli, liwalo na liwe. Nikifika hata mara moja, uongo utakuwa umelipwa.

Ijumaa akaupita ukuta. Akapita nguzo ya kwanza ya umeme. Akapita ya pili, na hapo akainama, macho yamejaa nyota, mate machungu mdomoni. Daraja lilikuwa mbali sana. Akarudi akijikokota, na mkabala na ukuta kibanda kimoja kilikuwa ndiyo kinafunguliwa. Hata hakujua miguu imemfikishaje. Aliomba sigara moja na kiberiti.

Akakaa juu ya matofali yake na sigara katikati ya vidole viwili. Mikono ikatulia. Wiki kumi ilikuwa haijatulia, na sasa imetulia kama ya mtoto aliyelala. Kiprop alitaka kulia.

Ndipo ikalia kengele ya baiskeli. Nzai alikuwa anakuja kutoka upande wa Sabaki, koleo na pima maji vimefungwa nyuma. Akafunga breki.

"Wewe si unalala Casuarina?" Kiprop akauliza, kama aliyefumaniwa.

"Kazi ile imekwisha, wiki ya tatu sasa. Nalala kwangu. Kila alfajiri napita hapa."

"Basi umeniona."

"Kila siku. Anayetoka Sabaki ukuta huo haumfichi kitu. Umekaa papo hapo, wala hugeuki."

Kiprop akaona bora litoke lote. "Sijawahi kufika darajani, Nzai. Hata siku moja. Nilimdanganya mama Kabibi, na wewe umeacha sigara kwa uongo wangu."

Nzai akacheka mpaka baiskeli ikayumba. "Mwenehu, ndugu yangu, mimi nakaa pale darajani! Ungefika ningekuona. Mbio hizo ni zenu wewe na Kabibi. Mimi sikutazama miguu, nilitazama mkono. Mtu yu peke yake, hakuna wa kumwona, hakuna wa kumsifu, na mkono mtupu. Kila siku mtupu. Nikasema, huyu ameacha kweli."

Kisha macho yake yakashuka mpaka kwenye vidole vya Kiprop, na kicheko kikaisha.

"Leo si mtupu," akasema.

Akaegemeza baiskeli ukutani, akaja akakaa kando yake. Akanyoosha mkono. "Haya, washa."

"Nini?"

"Washa. Ukiwasha, mimi namaliza. Si ndiyo kanuni yetu?"

Hakuwa anatania. Mkono ule uliopasuka kwa simiti ulikuwa umenyooshwa na unatetemeka, na Kiprop aliujua mtetemo huo, alilala nao wiki kumi. Aliona haya, akamwonea Nzai huruma kuliko alivyowahi kujionea mwenyewe. Akaivunja sigara katikati, nusu akampa mwenzake kama walivyozoea. Wakazisugua kwa vidole, kila mtu yake, mpaka tumbaku yote ikamwagika kwenye vumbi. Nzai alinusa vidole vyake, akatukana, akapanda baiskeli.

Kiberiti Kiprop alimpelekea Kabibi awashie jiko.

"Umefika wapi leo, baba?"

"Nguzo ya pili kupita ukuta, mama. Na zile siku nyingine zote nilifika ukutani tu."

Wateja walicheka, mmoja akamwaga chai. Kabibi akalichukua hamri la ziada sahanini na kulirudisha kwenye ungo. "Hili ni la daraja," akasema. "Litakungoja."

Jioni alimweleza Viola yote, hata ya sigara ile. Viola aliacha nguo alizokuwa anakunja. Aliingia ndani, akatoka na raba za Kiprop, akaziweka mlangoni.

Jumamosi alfajiri Nzai aliteremka kutoka Sabaki mapema kuliko kawaida, shingo ndefu, akiutafuta ukuta. Kabla hajaufikia, kwenye nguzo ya tatu ya umeme, alimkuta mtu ameinama, mikono kwenye magoti, akihema kama aliyebeba simiti. Nzai akapiga kengele. Kiprop aliinua mikono yote miwili juu, mitupu, vidole vimeachana.