Vishimo vya Nyota Changa

Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu nilirudi nyumbani Msambweni, nikageuza meza ya kulia kuwa ofisi. Kazi yangu ilikuwa kupima nyota changa, za jinsi ya jua letu, hujizungusha kwa siku ngapi. Darubini iliyoko angani hurekodi mwanga wa nyota. Upande wenye madoa meusi ukitugeukia, mwanga hupungua, na kwenye mchoro hutokea kishimo. Ukihesabu siku kutoka kishimo hadi kishimo, umepata mzunguko mmoja. Ndivyo nilivyoamini.

Mama alikuwa akisuka ukili wa mkeka karibu nami, miyaa myeupe kwa myekundu, huku akichungulia kompyuta. Asubuhi moja aliinuka akaweka kidole kwenye kioo.

"Mwanangu, mbona vishimo hivi havilingani? Cha kwanza kimezama sana, cha pili kidogo, cha tatu ndicho kama cha kwanza. Nakshi yako yaanza upya hapa, si hapo."

"Mama, huu si mkeka," nilimjibu. "Niache nifanye kazi."

"Niwie radhi, mwanangu," akasema, akarudi kwenye miyaa yake. Aliniomba radhi mimi, niliyetoka tumboni mwake!

Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimepima upya. Nyota ile ilikuwa na madoa pande mbili, na siku tatu nilizoandika zilikuwa nusu tu ya mzunguko. Ilijizungusha kwa siku sita, na kwa kuwa nyota hupunguza kasi kadiri inavyozeeka, haikuwa changa kama nilivyodai. Nilirekebisha jedwali kimyakimya. Kumwambia kulinishinda, kisomo kilikuwa kimenipanda kichwani. Nikajidanganya kwamba nitamwambia nikishafaulu, iwe zawadi yake. Tangu siku ile hakuchungulia tena, nami, Mungu anisamehe, niliufurahia utulivu.

Presha ilimchukua Mama wiki chache kabla sijaenda kuitetea tasnifu. Siku ya hitima, mama mdogo, nduguye wa tumbo moja, alinivuta kando huko uani penye masufuria.

"Ile kazi yako ya nyota yaendeleaje? Mamako, Mungu amrehemu, alikuwa na wasiwasi nayo. Alinambia alikuvurugia hesabu zako kwa ujinga wake, ukakasirika. Kila akimaliza kuswali alikuwa akiomba usije ukaanguka kwa sababu yake."