Ng'ombe wa Madoa na Jina la Mtoto

Miaka yote mama mkwe wangu alinisihi nimwite kwa jina lake. Nimwite mama mkwe kwa jina, nimerogwa? Nilimwita Mama, basi, naye akazoea, ingawa kwa majirani zake wa Toongabbie, huku ng'ambo, alieleza kwa sauti ya chini kwamba mimi ni Mkenya, kama mtu anayeonya kuhusu mzio wa karanga.

Nilipopata mimba nikiwa na miaka arobaini na mbili, daktari hakunificha: huyu ni wa kwanza na wa mwisho. Picha ikaonyesha ni msichana. Nilifurahi, halafu nikaenda kulia chooni kazini. Kwetu Wakikuyu, msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Wa pili ndiye hupewa la mama wa mama. Mimi ni mtoto wa pekee, na wa pili hayupo, kwa hivyo jina la mama yangu lingekufa naye. Nikampigia simu Nyeri nikamwomba aniruhusu niruke foleni.

"Uruke foleni ya nani?" akafoka. "Unataka watu waseme sikukufunza adabu? Huyo ni wa kwao! Mama yao anaitwa nani?"

Nikamtajia. Jina lenyewe limejaa r na l, na sisi watu wa mlimani herufi hizo tunazibadilisha tunavyotaka. Alijaribu, akajaribu tena, na kila mara alitoka mtu mwingine. "Mungu atanisaidia," akasema, akakata simu.

Kumbe mume wangu alikuwa ameshamsimulia mama yake desturi yetu. Mama mkwe akaanza kufuma sweta dogo la njano, na kifuani akalidarizia herufi ya kwanza ya jina lake. Ningemwambia nini mtu kama huyo?

Ugonjwa wake ulikuwa mababu. Tangu astaafu alikuwa akiwasaka Waskoti wake, wale waliokaa kwanza kaskazini mwa Ayalandi kabla ya kupanda meli kuja huku. Meza ya chakula ilifunikwa na nakala za wosia na rejista za ubatizo, sisi Jumapili tukila tumepakata sahani. Kulikuwa na wosia mmoja alioupenda kuliko yote, wa mkulima mmoja. Mzee anaanza kwa kusema kwamba mwili wake ni mgonjwa lakini akili yake ni timamu, kisha anamwachia mwanawe mkubwa tandiko bila farasi. Ng'ombe wake wa madoa anawaachia wajukuu watatu wa kike, wagawane maziwa. Na wote watatu wana jina moja.

"Karani alikuwa amelewa," mama mkwe akasema. Shida yake ni kwamba mmoja wa hao watatu ndiye aliyepanda meli, yaani bibi wa ukoo wao wote, na hakujua ni mtoto wa nani kati ya watoto wa yule mzee.

Nilicheka hadi mtoto akanipiga teke. Ukiita jina la nyanya yangu kwetu siku ya Krismasi, nusu ya sebule inaitika! Nikamuuliza mke wa mzee aliitwa nani. Akavaa miwani, akatazama. Jina lilelile.

"Basi hao ni wasichana wa kwanza," nikasema, kifua mbele. "Kila mmoja ni wa mtoto wa kiume. Tafuta kwa wana."

Akatafuta kwa wana. Wiki zikapita, tumbo likafura, naye akaandikia kila kanisa lililomjibu na lisilomjibu. Binti za wale wana walikuwa na majina mengine kabisa. Yule wa tandiko hata hakuoa.

"Watu wenu hawakulelewa," nikamwambia Jumapili moja, nimechoka. "Mtu anakataaje kumpa mtoto jina la mama yake mzazi?" Akakasirika kwa niaba ya marehemu. Tukala keki bila kutazamana. Mume wangu akakumbuka ghafla kwamba ana kazi ghalani Smithfield, siku ya Jumapili, mwongo yule.

Nikajifungua salama. Tulikuwa tumerudi nyumbani kwetu Quakers Hill, mtoto bado hajaandikishwa jina, mama mkwe akaja asubuhi bila kupiga simu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akaniwekea lile sweta mapajani. Herufi ilikuwa imefumuliwa, vimebaki vitundu vya sindano.

"Nimetafuta kwa mabinti," akasema. "Wote watatu wako huko. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa mama. Ninyi mmegeuza."

"Ninyi ndio mliogeuza!"

"Haya. Lakini si ulisema wa kwanza ni wa kwetu? Basi afuate desturi ya kwetu. Anaitwa jina la mama yako."

"Lakini Mama, wewe ulitaka..."

"Nilitaka sana," akasema, akivipapasa vile vitundu. "Lakini watu hawa nimewatafuta miaka mingi. Siwezi kuwapata halafu nikakataa kuwasikiliza."

Nililia mpaka nikamwamsha mtoto, naye akalia, mama mkwe naye akasema ana mafua.

Nikampigia mama yangu, nikamweleza yote, mkulima, ng'ombe, mabinti. Nilijua atakataa.

"Huyo mzee," akauliza, "alipoandika alikuwa na akili zake?"

"Amesema mwenyewe, Mama. Timamu."

"Sasa mimi ni nani nimpinge marehemu?" Nikamsikia akipenga kamasi. "Hebu weka hiyo simu kwa sikio la mtoto, niongee na mimi."