Nilitoa Ushuhuda wa Uongo, Rafiki Yangu Akachukua Nafasi Yangu

Jamani, nimekosa, na sitaki kulipamba. Nilimuuza Fidèle, mwenzangu wa korali. Hata machozi hayanitoki siku hizi.

Mimi ni kijana wa mji wa Kamembe, fundi simu. Niliahidiwa kazi ya kompyuta huko Asia. Kufika tu, pasipoti ikachukuliwa, nikafungiwa kwenye jengo lenye walinzi. Kazi yenyewe ilikuwa kuwaandikia wajane wa Ulaya maneno ya mapenzi kwa Kifaransa mpaka watume pesa. Siku usipompata mtu, unapigwa. Nilipigwa mpaka nikazoea!

Siku moja bosi akaniambia, leta mtu, uende zako.

Kanisani kwetu, aliye safarini hutoa ushuhuda kwa simu, nayo inawekwa kwenye maikrofoni ili wote wasikie. Basi Jumapili moja nikashuhudia. Nikasema Mungu amenitendea makuu, kazi ipo, nafasi zimebaki chache. Mlinzi yuko nyuma yangu na fimbo, huku korali inapiga makofi!

Maman Fidèle ni mkulima wa Gashonga. Aliuza shamba la migomba apate nauli ya mwanawe. Majirani walipomuonya, alijibu: "Mutoto wetu wa korali njo yeye anasema mbele ya Mungu. Nitakatala juu ya nini?"

Fidèle alifika asubuhi, tukakutana kwenye korido, mimi natoka na mfuko wangu wa nguo, naye akaniita kama kaka yake:

"Grand! Unaenda wapi na ile sakoshi?"

"Ningojee, nakuya sasa hivi."

Sikurudi.

Nikarudi nyumbani, na mwaka mzima baada ya hapo mama yake alikuwa ananiletea maharage na kuniuliza kama mwanawe anakula vizuri. Nikasema anakula. Na maharage nikayala! Sikuhisi kitu, na hilo ndilo linaloniogopesha.

Mwezi uliopita akaja anacheka. Fidèle amepiga simu, kamtafutia dada yake Aline kazi kule kule, na pasipoti imeshatoka. Hapo nikashindwa. Nikamwambia yote, tumesimama uani.

Hakupiga kelele. Aliuliza tu: "Aline akibaki hapa, Fidèle atatoka na nini?"



Akarudi kwake, akaichukua pasipoti ya Aline, akaitia motoni. Aline anasema mama alikaa pale jikoni mpaka ikaisha, akimuomba Fidèle msamaha kana kwamba anamsikia.

Ndugu zangu, anayesifia kazi ya mbali mwambieni awashe kamera, atoke nje ya geti, akanunue hata mkate huku mnamuona. Akishindwa, msiuze kitu, msimtume mtu! Na wewe uliyefungiwa huko, ukiambiwa ulete mwenzako ndipo uachiwe, usilete. Mimi nilileta. Fidèle yumo hadi leo, na njia moja aliyokuwa nayo ya kutoka ameichoma mama yake mzazi. Kisa ni mimi!