Daktari Anayenusa Makopo

Daktari wa ngozi ana mikono mikavu na maneno machache. Mgonjwa akishaketi, yeye hunyoosha kiganja na kusema, "Toa kopo." Anajua kopo la krimu ya kung'arisha ngozi limo mkobani. Hulifungua, hunusa mara moja kama mtu anayepima maziwa yaliyolala, hulitupa kwenye ndoo, kisha huuliza, "Nani alikupa?" Jibu huliandika kwenye faili bila kuinua macho: shoga, msusi, wifi. Hagombezi wala hafariji. Huandika dawa ya kupaka usiku, losheni ya kuzuia jua na mwanga wa leza wa kufifisha mabaka mara moja kwa mwezi, na nesi wake huita anayefuata.

Jumanne moja aliyefuata alikuwa mama mzazi wa daktari. Hawakuwa wameonana tangu mwaka juzi, na sasa mashavu ya mama yalikuwa na mabaka meusi kama masizi ya sufuria. Nesi alidhani leo utaratibu utavunjika, lakini kiganja kilinyooshwa vilevile.

"Toa kopo, mama."

Alinusa, akanusa tena. "Nani alikupa?"

"Wewe hapo, mwanangu. Mshahara wako wa kwanza. Likiisha, nanunua lile lile."

Daktari alivuta faili. Kisha akaandika: mwanawe.

"Yatatoka?" mama akauliza.

"Yatapungua. Kwa leza, mwaka mzima. Na kila mwezi lazima uje, mama, usikose hata mara moja."

"Kila mwezi nikuone?" Mama alishavua mtandio na kupanda kitandani kabla hajaambiwa. "Basi usiyaharakishe."