Pua ya Fundi Shomurod

Kule Margilan, mji wa Uzbekistan, hakuna anayeonja karai la fundi pilau mbele yake. Ni kumtukana. Fundi mwenyewe huinama, hunusa, hulamba ncha ya mwiko mara moja, yakaisha. Ndivyo Shomurod alivyolisha arusi za watu miaka ishirini na sita, na kiburi, tusifichane, alikuwa nacho.

Msimu wa pamba, gari alilopanda liligonga mti, naye akabamiza kichwa dirishani. Akashuka kwa miguu yake, akajipangusa vumbi, akasema, "Mzima mimi." Damu haikutoka hata tone, nani angempeleka hospitali?

Arusi iliyofuata vitunguu viliungua vikawa makaa, na chumvi akatia mara mbili. Wageni wakasukuma sahani. Baba wa bwana arusi akamvuta pembeni.

"Fundi, kama ulitaka kulewa, ungengoja siku isiyokuwa yangu."

Shomurod, ambaye pombe haijui, akamrushia mwiko. Naye hakuwa mtu wa hasira.

Basi, hakuitwa tena. Kwenye nyumba ya chai, kila alipoketi, wenzake walikumbuka shughuli zao. Kichwa kilimgonga, majina ya wajukuu yakamponyoka. Jambo moja hakumwambia mtu: dunia ilikuwa imepoteza harufu na ladha. Mkate, nyama, sabuni, vyote sawa na maji. Fundi asiye na pua ni fundi gani? Upweke ukamla taratibu.

Mkewe, Mavluda, alisema ni jicho la hasidi. Akawa anafukiza isiriki, majani ya kufukuza husuda, chumba hadi chumba. Asubuhi moja alikiacha chetezo sebuleni akaenda kukamua ng'ombe. Aliporudi, moshi ulikuwa umejaa mpaka mlangoni. Cheche ilikuwa imeangukia godoro, linafuka mgongoni mwa mumewe, naye kaketi anakunywa chai, ameukazia macho ukuta.

Mavluda akamwaga ndoo nzima ya maji. Kisha akachota jikoni jira, ile bizari ya pilau, akamwekea puani.

"Fumba macho. Hii nini?"

"Niache, mama watoto."

"Nimekuuliza, hii nini?"

Shomurod akavuta pumzi. "Majani ya chai."

Mavluda akaketi palepale kwenye maji. "Si hasidi. Ni ule mti. Mficha maradhi kilio humuumbua, baba watoto. Hata mimi umenificha?"

Shomurod akalia.

Daktari alisema ubongo ulitikisika. Mtu huweza kutembea naye kaumia. Hasira, usahaulifu, pua, mzizi wake mmoja. Pua huenda isirudi.

Ijumaa hiyo alipika pilau ya watu wawili. Hakuna aliyekuwa amebisha hodi kumwita arusini. Aliinamia sufuria muda mrefu, kisha akachota kijiko, akampa mkewe.

"Nionjee."

Mavluda akaonja. Angeweza kumsifu, lakini kumdanganya kungekuwa kumwacha peke yake tena.

"Haina chumvi kabisa," akasema, akamsogezea kibakuli cha chumvi.