Wakimbiaji Wenzangu wa Kabambare

Kazi yangu hapa Kabambare ni kukusanya habari za afya na kuziandika kwenye blogu, watu wazisome kwenye simu. Juma lililopita niliandika kwamba kukimbia asubuhi kunaimarisha moyo. Na moyo wangu naupenda, basi kesho yake nikavaa raba, nikashika barabara ya Wamaza mbio.

Nilipopita soko nikasikia vishindo vya miguu nyuma yangu. Kugeuka, naona wanaume wawili, kisha akina mama, wote mbio! Kumbe wananisoma! Kwa furaha nikawapungia mkono waongeze mwendo, nami nikaongeza. Wakazidi kuwa wengi.

Kwenye kilima pumzi zikaniishia, nikasimama. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na sufuria kichwani akanifikia, anahema.

"Usisimame, dokta! Wamefika wapi?"

"Akina nani, mama?"

"Si weye ndiye unajua? Tuliona mutu wa afya anakimbia, tukasema iko hatari. Sasa tunakimbia nini?"

Wote wakanitazama.

"Spoti," nikajibu kwa sauti ndogo.

Mama akatua sufuria chini, akacheka mpaka akakaa.