Sumu Aliyoitafuta Maluki Chunguni

Tumbo la Maluki lilianza kumsumbua muda mfupi baada ya Syombua kuhamia kwake. Hilo ndilo alilolishika, na Maluki akishika jambo, kumbandua ni kazi.

Alikuwa mwendesha mashine katika kiwanda kimoja cha nguo huko Eneo la Viwanda, mtu wa kimya, aliyefiwa na mke wa kwanza na kulea mwanawe Mwanzia peke yake mpaka kijana akajitegemea. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa Landless. Shamba lake, kipande alichokinunua kwa miaka ya kusimama mbele ya mashine, lilikuwa Theta. Syombua, mwuza mboga sokoni, aliolewa naye akiwa mtu mzima, na hakuwa mwanamke wa kuogopa kuuliza.

“Baba Mwanzia,” alimwambia siku moja wakipalilia mahindi huko Theta, “ukiondoka duniani leo, mimi kwenye hili shamba ni nani?”

Maluki alicheka tu. Lakini maumivu yalipoanza, swali lile lilimrudia kichwani, safari hii bila kicheko.

Yalikuwa maumivu ya kuchoma, pale mbavu zinapoachana, kama mtu ameweka kaa la moto na kulipulizia. Kwenye duka la dawa walimtibu taifodi. Haikusaidia. Wakamtibu amiba. Kaa likabaki palepale.

“Ulianza kuumwa lini?” Gachau, mwenzake wa mashine ya pili, akamwuliza.

“Mwaka huu tu.”

“Baada ya kuoa?”

Maluki akainamia mashine yake.

“Haiya! Na bado hujaelewa? Kikulacho ki nguoni mwako, bwana. Angalia mkono unaokupakulia.”

Basi akaanza kuuangalia. Syombua akiinamia jiko, Maluki alikuwa mlangoni akijifanya anatafuta viatu. Siku moja alimwona anafikicha majani makavu juu ya sufuria, akasogea.

“Hiyo ni nini?”

“Majani ya kunde. Nimeyaanika mwenyewe. Kwani hujawahi kuyaona?”

Alikuwa ameyala tangu utotoni kwao Yatta. Siku hiyo alisema ameshiba, na Syombua alipogeuka, sahani ikaenda kwa kuku wa jirani. Wale kuku hawakufa. Kwa kweli walinenepa. Maluki akajiambia kwamba sumu iliyotengenezewa mtu haina haja na kuku.

Akaacha kabisa kula nyumbani. Asubuhi alikunywa chai ya rangi, akameza vidonge vya maumivu ya mgongo, alivyoanza kuvinunua mwaka huo ili aweze kusimama kazini, akaenda. Mchana, kama kichefuchefu kilimruhusu, alimega chapati kibandani. Mgongo ukizidi, alimeza vingine. Akakonda mpaka suruali ikahitaji kamba. Syombua alimwuliza vile vidonge ni vya nini na anavimeza mara ngapi, naye akavihamishia mfuko wa ndani wa koti, akihofia atabadilishiwa.

Kisha choo chake kikawa cheusi kama lami. Hakumwambia mtu. Asubuhi moja kiwandani, macho yakamwingia giza, akaanguka kando ya mashine. Gachau ndiye aliyempeleka hospitalini.

Daktari aliitwa Nadira, mwanamke mwenye sauti ya taratibu. Alimbonyeza juu ya kitovu, akabonyeza upande wa kulia chini ya mbavu akichunguza kama ni mawe ya nyongo, akauliza kuhusu pombe, kuhusu choo. Maluki alingoja Gachau atoke, ndipo akanong’ona:

“Daktari, mnaweza kupima sumu?”

“Sumu gani?”

“Ya kuwekewa kwenye chakula.”

“Na nani?”

“Mke wangu.”

Daktari aliinua macho, akatazama mlangoni. Maluki akageuka. Syombua alikuwa amesimama pale na chupa ya uji mkononi, akihema, maana alikuwa amekimbia kutoka sokoni aliposikia ameanguka.

Hakulia wala hakugomba. Aliiweka chupa sakafuni.

“Unatumia dawa yoyote?” daktari akauliza.

“Hapana.”

“Baba Mwanzia,” Syombua akasema, “toa zile za ndani ya koti.”

Alizitoa. Daktari akaigeuza ile karatasi ya vidonge, karibu yote imetobolewa. “Hizi unazimeza ukiwa umekula?”

“Huwa sili.”

“Kwa nini huli?”

Maluki akaitazama chupa ya uji pale sakafuni.

Walimwingizia kamera kooni, wakaona vidonda tumboni, kimoja kikivuja damu. Dawa za maumivu zilikuwa zimeuchuna ukuta wa tumbo, daktari akaeleza, na kuzimeza bila chakula kulizidisha madhara. Angepima pia vijidudu vinavyoleta vidonda. Dalili ya sumu hakuiona.

“Kuna sumu zisizoonekana na kamera,” Gachau alinong’ona alipokuja kumjulia hali. Na Maluki, kusema kweli, alihisi shaka ikijigeuza tena ndani yake kama mnyama aliyeamshwa.

“Gachau,” akasema, “nenda kazini.”

Syombua alimuuguza mpaka akaruhusiwa kutoka. Kisha akafunga nguo zake, akaenda kwa dada yake Matuu. Maluki alimpigia simu, hakushika. Alimfuata mara mbili. Mara ya kwanza Syombua hakutoka nje. Mara ya pili alitoka, akamsikiliza akiomba msamaha mpaka mwisho, akasema atafikiria.

Alirudi mvua zilipokaribia.

“Nimerudi,” alisema akiwa bado kizingitini, “lakini kupika ni juu yako.”

Maluki akawa mpishi. Jioni hiyo alichemsha muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akampakulia mkewe na kukaa mbele yake. Syombua alikitazama chakula, akamtazama mwenye kukipika, akaisukuma sahani upande wa pili wa meza.

“Onja kwanza.”

Maluki alionja. Akatafuna taratibu, akameza. Syombua alingoja kidogo, macho yake yakiwa usoni pa mumewe, ndipo akavuta sahani.

“Umezidisha chumvi,” alisema, akala.